Jina la Kujaribia

Katika sekretarieti yangu, kiduka cha fotokopi hapa Bel-Air, Lubumbashi, kati ya mashine ya fotokopi na dirisha, kuna meza ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuiegemea. Juu yake ipo mashine ndogo ya leza, ile inayochonga maandishi kwa mwanga, imefunikwa kitenge cha zamani. Mteja akiweka mkoba wake pale namfokea kabla sijamsalimu. Wengine wamenizoea, wengine wamehamia kwa jirani, na mimi sijali. Mwenye mashine hiyo ni mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Papa wa Vibao, na aliponiachia aliniachia pamoja na onyo moja: kichwa cha mashine kisisukumwe.

Jina lake halisi ninalijua, herufi kwa herufi. Sitaliandika hapa. Mkimaliza kusoma mtaniambia kama ninyi mngeliandika.

Kwanza mjue alivyokuwa akisalimia. Watu wengine wakikutana na mgeni huuliza anatoka wapi, baba yake nani, anasali parokia gani. Yeye alikuuliza jina lako lote, la nyumbani na la ubatizo, kisha akatazama hewani juu kidogo ya kichwa chako, midomo ikicheza, mwishowe akasema, “Inaenea.” Alikuwa amekwisha kulipanga jina lako kwenye kibao cha msalaba, akaona linatosha. Aliponifanyia hivyo mara ya kwanza, nilipokuja kukodi chumba jirani na nyumba yake, nilidhani ananisifu. Nilipoelewa nilimfuata barazani kwake.

“Papa, mi bado niko muzima,” nilimwambia.

“Kibao haiulizake myaka, Mama Fotokopi,” alijibu, wala hakucheka.

Ndivyo alivyokuwa. Ungeweza kumchukia siku ya kwanza, na wengi walimchukia hadi mwisho. Mama mmoja mwenye saluni upande wa pili wa barabara alikuwa akimwona anakuja anaingia ndani na kuvuta pazia, asije akapimwa. Mimi sikuwa na pazia. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, na ukuta wa matofali membamba hauzuii sauti wala harufu. Kwa miaka yote hiyo niliishi na kikohozi chake, redio yake ya misa ya asubuhi, na harufu ya mbao iliyoungua.

Maisha yake ya kazi yote yalikuwa ya reli. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda ngazi na brashi kuandika majina ya stesheni, huku kusini na kule kaskazini walikotoka wazazi wake. Nyingi ya stesheni hizo hazioni tena treni, majani yamepanda mpaka kwenye herufi zake. Yeye hakusikitika. Alikuwa akisema, “Treni inakufwaka, jina inabakia,” na alilisema kwa namna ambayo hukujua kama anajifariji au anakutisha. Baada ya kupumzishwa kazi aliendelea kuandika kile ambacho Lubumbashi haikosi kuhitaji, yaani vibao vya misalaba ya makaburi.

Alikuwa mtu wa milimita, lakini hakuna misa aliyowahi kufika kabla ya Injili. Aliheshimu wafu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, lakini kwenye kilio hakuingia. Angekuja mpaka barabarani, akae kwenye kiti cha plastiki ng’ambo ya pili, kofia magotini, asubiri mtu amletee chai. Nilipomuuliza sababu aliniambia kwamba mwenye kuandika majina asiingie nyumba ambayo watu wanaitana kwa majina. Kibao kilichokamilika alikigeuzia ukuta mpaka familia ije kukichukua, kwa sababu, alisema, hakipaswi kutazama njia kabla hakijaitwa. Na akikuta kibao cha duka kimepinda alikinyoosha bila kuomba ruhusa, na mwenye duka akikasirika alimwambia, “Asante hausemake?” Hapo nilicheka mpaka machozi, kwa sababu mwenye duka alisema asante.

Kulikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja, na ndilo lililozaa mambo yote. Akijaribu kitu kipya, iwe brashi, rangi au mashine, alijaribia jina lake mwenyewe. Hakuandika “abc”, hakuandika jina la mtakatifu, wala hakuchora ua. Siku moja tulipokunywa chai barazani kwake alinieleza kwa nini.

“Tulikuwa na pinceau mupya, brashi ya kazi,” alisema. “Mwenzangu njo anasema tuijaribu. Akaandika pa bao jina ya chef wetu ya manœuvre, ule wa kupanga mawagon, juu ya kuchekesha bantu. Tukacheka kabisa. Magaribi, wagon mbili ikamubana yule chef katikati. Kutoka ile siku, mi kama najaribu kintu, naandikaka jina yangu.”

“Na wewe hauogope?”

“Naogopa. Lakini yangu iko yangu.”

Chai niliyokuwa nayo niliimwaga mchangani. Kikombe changu, niliona wakati huo, kilikuwa kimekaa juu ya kipande cha mbao chenye jina lake.

Lakini maneno yale, yangu ni yangu, hayakuwa kweli tena, na yeye alijua. Binti yake, aliyeolewa Kasomeno na kuuza samaki wakavu na unga kando ya barabara ya Kasenga, alikuwa amejifungua mtoto wa kike miaka michache kabla, naye akampa jina la babu yake. Kwetu jina halina mwanaume wala mwanamke, na haligawanywi vipande. Mtoto akirithishwa jina la mzee, anarithi lote, na hata mama yake mzazi anamwamkia kwa adabu ya mzee yule. Papa wa Vibao alimwita mtoto “majina”, kama tunavyomwita yeyote tuliyeshirikiana naye jina. Mtoto alipoletwa likizo, yule mzee ambaye hakuwahi kumkumbatia mtu alimbeba mgongoni kwa kitenge, kama yaya, akamzungusha mtaani akimwonyesha vibao vya maduka. Sijamwona mtu akimpenda mtoto namna ile. Mtoto akirudi kwao, mzee alikaa barazani siku nzima bila kugusa kazi.

Mashine ya leza aliipata kwa mfanyabiashara wa Butembo, mwenye ghala la bidhaa za jumla karibu na soko, mtu wa sala na wa mizigo. Mikono ya Papa ilikuwa imeanza kutetemeka na brashi haikumtii. Mashine ilikuwa fremu ya vyuma vinne juu ya meza, na kichwa kidogo kinachotembea kikipiga mwanga wa buluu. Jina aliliandika kwa vibonye vya pembeni. Ilikuja na miwani ya kijani, ambayo Papa aliivaa hata akienda kununua mkate.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ilianza kuandika vizuri kutoka kushoto, lakini jina likiwa refu kichwa kilifika mwisho wa chuma na bado kilitaka kuendelea. Hapo kiligonga. Tak-tak-tak-tak, mkanda ukiruka meno, na herufi za mwisho zikapandana au zisitokee kabisa. Nilikuwa nikiisikia kupitia ukutani nikiwa napiga fotokopi, na wateja walinyamaza wakasikiliza. Ilikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani anayebisha.

“Uitengeneze, Papa,” nilimwambia mara nyingi. “Ni reglage tu, kupanga bipimo. Nitaleta ordinateur yangu.”

“Kesho.”

Kesho umeme hakuna. Keshokutwa kuna joto. Kisha mkanda unapumzika. Mimi si mvumilivu, na mtu akikataa msaada wangu huwa namwona kama amenitukana, kwa hiyo tulikaa siku kadhaa hatusemezani. Lakini vibao vya wateja vilitoka vizuri, hilo lilinishangaza. Ni vile vya kujaribia tu vilivyotoka na jina lililokatika. Vilikuwa kila mahali pale barazani. Kimoja kilizuia mlango, kingine kiliwekwa chini ya mguu wa meza, vingine vilikuwa visahani vya vikombe, vyote na jina lake lisilofika mwisho.

Ndipo akafa kaka mkubwa wa yule mfanyabiashara wa Butembo. Jina lake lilikuwa refu, kama majina ya kule yanavyoweza kuwa, na kibao kilipokwenda makaburini hakuna aliyekisoma vizuri kwa sababu ya machozi. Baada ya maziko mtu alipiga picha akaituma Butembo. Mama yao aliisoma. Mfanyabiashara alikuja barazani na kibao kimefungwa katika kitenge, akakifungua polepole magotini. Herufi za mwisho hazikuwapo.

“Mzee, kaka yangu hatukumuzika nusu,” alisema. Hakupandisha sauti, na ndiyo sababu sote tulitazama chini. “Mama analia tangu jana. Anauliza ile ingine iko wapi.”

Papa alichukua brashi, kwa mkono ule unaotetemeka, akamalizia herufi zilizobaki. Ilimchukua muda mrefu. Mfanyabiashara alisubiri, kisha akatazama mashine na kutikisa kichwa.

“Ile mashine, kwa mwenyewe wa kwanza, ilikuwa na vyuma virefu,” alisema. “Viliharibika ndani ya kontena, wakaweka hivi vifupi. Sijui kama waliiambia mashine.”

Alipoondoka, Papa alivua miwani ya kijani akaniambia, “Basi, kuja na ordinateur yako.”

Nilikuja asubuhi. Kwenye benchi la baraza ilikuwa imekaa familia iliyofiwa, mama mmoja na shemeji zake, wakisubiri kibao cha msalaba wao. Nilichomeka waya wa kompyuta yangu kwenye mashine, nikafungua mipangilio, na ugonjwa nikauona mara moja. Kwanza programu ilikuwa ikihesabu kwa inchi. Nilipomwambia Papa kwamba kwa Kifaransa ni “pouce”, alichukia.

“Pouce ni kidole. Kidole ya nani?”

Niliirudisha kwenye milimita. Pili, katika kumbukumbu ya mashine eneo la kazi lilikuwa kubwa kuliko meza yenyewe. Maneno ya mfanyabiashara yalikuwa kweli. Mwili wa mashine ulifupishwa, lakini yenyewe iliamini bado ina vyuma vile virefu, na kila siku ilinyoosha mkono kwenye sehemu isiyokuwapo. Tulipima mwendo wa kichwa kwa rula ya chuma ya Papa, upande huu na upande ule, tukatoa nafasi kidogo ya usalama, nikaandika vipimo vya kweli na kuvihifadhi. Tatu, mashine hii haina vitu vya kuguswa pembeni vya kuijulisha imefika wapi. Pale kichwa kilipo inapowashwa, ndipo inapopaita sifuri. Ukiiwasha kichwa kikiwa katikati, inaamini katikati ndiyo kona. Kwa hiyo kabla ya kuiwasha tulikisogeza kichwa kwa vidole mpaka kwenye kona ya mbele kushoto.

Nilichora mraba mkubwa karibu sawa na meza. Kichwa kilizunguka pembe zote, kikarudi nyumbani, hakikugonga popote. Tulipima pande za mraba kwa rula zikawa sawa na za kwenye skrini. Niliifunga ordinateur kwa furaha.

“Inapona, Papa. Anza ya hawa wamama.”

Hakusogea. “Mashine yenye kutoka mu bugonjwa, jina ya kwanza iko ya kujaribia,” alisema. “Siwezi kujaribia pa mufu ya bantu.”

“Basi jaribu na yako, kama siku zote.”

Kisha akasogea karibu, ili wale wa kwenye benchi wasisikie.

“Ile kipimo unaandika, mi nilisha kuipata kitambo,” alisema. “Nilirudisha ya mbele, ile ya bongo. Ya wateja nilikuwa nasogeza kibao, inaenea; ya ule Mubutembo tu ilikuwa murefu, ikanishinda. Ya yangu naacha inagonga. Kama inagonga, jina haiishe. Kama haiishe, hakuna mwenye anaitwa. Unaelewa? Mutoto iko na jina yangu.”

Nilielewa. Kumbe kule kubisha kote nilikokuwa nikikusikia ukutani kulikuwa mlango alioufunga kwa makusudi. Alishindwa kuacha sharti lake, na alishindwa kulitimiza, akaishi katikati. Sasa kulikuwa na familia kwenye benchi, na mama wa Butembo aliyelia, na mashine iliyopona. Jina la mtu mwingine hakuweza kulijaribia. Wala mimi sikutoa langu, na ninyi msingetoa.

Alivaa miwani. Aliweka kipande cha mbao safi, akaandika jina lake, akabonyeza mwenyewe.

Nilisubiri kule kugonga. Mwanga ulitembea ukaenda, ukarudi, moshi mwembamba ukapanda, kichwa kikafika pale kilipokuwa kikigonga siku zote na kikapita. Herufi ya mwisho ilitoka nyeusi, safi, imenyooka. Kimya chake kilinitisha kuliko makelele yote ya zamani. Papa alikishika kile kibao bado cha moto, akasoma jina lote, kwanza kwa macho, halafu kwa kidole.

“Inaisha,” alisema, akakigeuzia ukuta.

Kisha aliandika kibao cha ile familia, wakalia kidogo, wakashukuru, wakaondoka.

Wiki ile ile simu ilitoka Kasomeno. Papa hakupenda kushika simu sikioni, aliiweka mezani na kuifungua sauti, kwa hiyo nami nilisikia. Mtoto alikuwa na homa, amelazwa kwenye kituo cha afya, amewekewa seramu, na hamtambui mtu. Binti aliongea haraka, akivuta pumzi katikati.

“Mutoto hanijue tena, Papa. Namuita, ananiangalia tu. Papa, unatumika nini huko na jina yake?”

Mzee alitazama kile kibao kilichogeukia ukuta.

“Nakulomba, zile bibao zote utoshe pale barazani. Nilikuambia. Nilikuambia tangu likizo. Utoshe zote, uchome.”

“Jina haichomake,” alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana, na sidhani kama binti yake alimsikia. Papa alikata simu. Akainuka akaanza kuviokota, cha mlangoni, cha chini ya mguu wa meza, visahani vya chai, akavitia kwenye mfuko wa saruji. Nilimsaidia. Meza ilibaki ikiyumba.

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu niliogopa. Nilimwambia mimi pia nina akili, kwamba ni msimu wa mvua, Kasomeno imejaa maji na mbu, na watoto wengi kule wamelazwa na hakuna babu aliyewachongea kitu.

“Ni malaria, Papa. Malaria tu.”

“Ndiyo,” alisema. “Malaria njo nzila, njia tu. Mi nasema ya ule mwenye anatembea mu nzila.”

Nilirudi kwangu nikaendelea na fotokopi, na kila mteja aliyesoma jina lake kwenye kitambulisho chake nilitamani kumwambia asome polepole.

Simu za Kasomeno ziliendelea, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Mtoto hali. Mtoto hanywi. Mtoto ameongezewa damu. Papa hakuenda, ingawa magari ya Kasenga yanapita kila siku. Nilimshutumu kwa hilo usoni.

Asubuhi moja nilisikia mashine ikifanya kazi, bila kugonga. Nikatoka. Alikuwa ameweka kibao kizuri cha mninga, si kipande cha majaribio, kile cha kuwekea wakubwa. Juu lilikuwepo jina lote. Chini yake ulikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, yeye mzee, si wa mtoto. Kisha mstari mfupi. Baada ya mstari hapakuwa na kitu, mbao tupu, nafasi iliyopimwa.

“Bantu babili beko na jina moya,” alinieleza, akipangusa masizi kwa kitambaa chenye maji. “Sasa iko na adrese. Ule mwenye kutembea hatakosea mulango.”

Nilitaka kumwambia anakufuru. Nilitaka pia, na hili nalisema wazi, kibao kile kifanye kazi. Nilimfikiria mtoto mgongoni mwake, akionyeshwa vibao vya maduka, na nilisema Salamu Maria kimoyomoyo bila kujua naiombea nini hasa.

Kabla ya jua kuzama simu ililia. Binti alikuwa akilia tena, lakini kilio kingine. Mtoto ameamka. Amemjua mama yake. Ameomba bukari, ugali wetu, na samaki, na amekula.

Papa wa Vibao alisikiliza mpaka mwisho. Alifunga simu akaiweka mfukoni.

“Bon,” alisema. “Anaisha kusoma adrese.”

Nililichukia neno lile. Nimelichukia mpaka leo.

Sasa yule mtoto yuko hapa Bel-Air. Mama yake alimleta afanyiwe vipimo vizuri na apumzike nyumbani kwa babu, na bado wapo. Amekonda kidogo, lakini mdomo wake haujakonda. Kila akitoka shule ya chekechea anapita kwangu, ananisimamia mlangoni na kuniuliza kuna nini chini ya kitenge. Namwambia ni mashine ya babu. Ananiuliza babu atarudi lini. Namwamkia kwa adabu ya mzee, namwita kwa jina lake lote, kwa sababu ni haki yake, na kila nikilitamka natazama simu yangu.

Kwa maana Papa hakumsubiri. Nilidhani habari za kuja kwao zingemfurahisha, na kweli zilimfurahisha. Alipaka chokaa chumba cha nyuma, akanunua chandarua kipya, akakaza skrubu za kitanda. Kisha akafunga begi lake mwenyewe.

Aliniita barazani siku moja kabla mtoto hajafika. Mfuko wa saruji wenye vibao vilivyokatika ulikuwa umefungwa kamba, tayari kwa safari. Kile cha mninga kilikuwa kimekazwa kwa skrubu kwenye ubao wa mashine, chini ya vyuma, na kichwa cha mashine kilikuwa kimesimama juu yake, mahali mstari mfupi unapokwisha.

“Tuibebe, mi na wewe,” alisema. “Polepole. Kichwa isijongee.”

Tuliibeba, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukapita mlangoni pangu ubavu ubavu, tukaiweka mezani karibu na dirisha. Alikagua kichwa kwa rula. Hakikuwa kimesogea. Kisha alinieleza, na sikuhitaji kuelezwa, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Mashine inaamini kwamba pale inapoamkia ndipo sifuri. Nikiletewa habari ya kifo chake, niiwashe tu, niandike mwaka, nibonyeze. Itaanzia palepale.

“Na courant ya umeme ikikatika?”

“Hata ikatike. Kichwa ikibakia pale, itaamka pale. Bantu njo usiache baisukume.”

“Papa, mutoto anafika kesho,” nilimwambia. “Unaenda wapi? Haumuone hata siku moya?”

Alikalia kiti cha wateja wangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee kabisa.

“Nikimuona, tutakuwa babili mu nyumba moya, na jina moya,” alisema. “Mi nilitoa adrese. Siwezi kuiweka adrese pa kitanda yake.” Alikunjua kofia, akaikunja tena. “Kuko stesheni moya kule kaskazini. Bao yake niliandika mi mwenyewe. Nitakaa pale. Treni haifikake tena, hakuna mwenye atakuja kunisumbua. Umwambie majina yake anamusalimia.”

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nilimwambia ni mjinga, kwamba ni mzee mjinga na mkaidi, kwamba mtoto amepona kwa dawa na seramu na damu ya watu, na kwamba angekaa tu ale naye bukari kesho. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza padri. Nje, lori alilokuwa akilisubiri lilipiga honi.

Alisimama, akatoa rula yake ya chuma mfukoni, akaniwekea mkononi.

“Macho yangu haione muzuri tena,” alisema. “Nipimie ile nafasi ya mwisho. Isikuje kukosekana, sawa ya kaka ya ule Mubutembo.”

Niliinama juu ya kibao. Nilipima kutoka mwisho wa mstari mpaka ukingo, nikapima urefu wa tarakimu za mwaka wake wa kuzaliwa, nikalinganisha. Nilirudia tangu mwanzo. Alisimama nyuma yangu na begi lake, akisubiri kama familia zilivyokuwa zikimsubiri yeye.

“Inaenea?” aliniuliza.

Nilitamani kusema hapana, tuanze upya, kesho, umeme ukirudi.

“Inaenea, Papa,” nilisema.